Vuta Kope la Chini

Ninyi vijana mnaosomea uganga na uuguzi, mnaokuja hapa kwangu Kwamndolwa kunipima presha kwa zamu kana kwamba mimi ni chombo cha kujifunzia, leo kaeni niwapime ninyi. Mtu amevunjika paja Jumatatu. Jumanne anakula ugali wake na kutania wauguzi. Jumatano mchana anaanza kuzungumza na marehemu babake, anavua shuka, anakutukana tusi ambalo hujawahi kulisikia. Kichwa hakikuguswa. Utaandika nini kwenye faili?

Najua mtakachosema, maana na mimi nilikisema. Mtasema malaria imepanda kichwani. Yule mwenzenu mwenye miwani atasema apelekwe Dar es Salaam kwenye ile mashine ya kupiga picha ubongo. Sina ugomvi na mashine. Lakini kabla hujaagiza gari, tumia kidole chako mwenyewe: vuta kope la chini, geuza kidogo, utazame ndani mahali penye mwanga wa dirisha. Nitawaeleza kwa nini, na nitawaeleza pia habari ya mtu aliyekufa mikononi mwangu kabla sijalijua hilo.

Nilikuwa dresa wa hospitali ya shamba la mkonge katika bonde la Lwengera, njia ya Magoma, enzi za Mwingereza. Dresa maana yake mfunga vidonda, lakini shambani dresa alikuwa kila kitu: mdunga sindano, mpima damu, mwosha wagonjwa, hata mnyoa ndevu. Nilitoka kwetu Kang'ata, Handeni, nikiwa na herufi nzuri na majivuno mengi. Waliponipa koti jeupe nililivaa hata siku za mapumziko, mpaka wenzangu wakauliza kama nimelala nalo.

Mkubwa wetu aliitwa Bwana Mihambo, Mnyamwezi, mfupi, mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa muuguzi wa jeshi katika vita vya Burma. Tulimwita Bwana Mganga. Alikuwa mkubwa wa hospitali siku zote isipokuwa Jumamosi, maana Jumamosi Daktari Mzungu alikuja kutoka Korogwe mjini, na ukubwa ukahamia kwake hadi saa nane mchana alipoondoka.

Shamba la mkonge lilivunja watu sana. Korona, ile mashine ya kusaga majani hadi yabaki nyuzi, ilichukua vidole na mikono. Miguu ilichukuliwa na trole. Trole lilikuwa kigari cha chuma juu ya reli nyembamba, linajazwa matita ya mkonge mbichi kupita kimo cha mtu, halafu wanaume wawili au watatu wanalisukuma. Breki yake ilikuwa kipande cha gogo na dua. Likipinduka kwenye kona, ule mzigo wenye miiba unashuka mzima mzima juu ya mapaja ya aliye upande wa chini.

Ndivyo alivyoumia Lukas. Alitoka Songea, mmoja wa manamba, wale walioletwa kwa mkataba kutoka mbali kuja kukata mkonge. Alikuwa kijana mpole, mwimbaji wa kanisani, na hata siku alipoletwa akiwa na paja lililovunjika alinipa shikamoo, ingawa alinizidi umri. Wenzake walimhurumia wakamkimbiza. Walimlaza juu ya trole lingine tupu wakalisukuma mbio hadi mlangoni kwetu, mguu ukining'inia bila kufungwa, ukirukaruka kila reli mbili zilipoungana. Nikawasifu kwa mwendo wao. Sikujua kuwa nilikuwa nasifu ubaya.

Wiki hiyo Bwana Mihambo alikuwa Tanga kufuata dawa, hospitali ikabaki mikononi mwangu. Nikamnyoosha Lukas mguu, nikaufunga kwa kamba kwenye banzi la chuma ili mfupa usicheze, nikaona kazi imekamilika. Siku ya pili alikula na kuimba. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta anahema kama aliyepanda mlima wa Lushoto kwa miguu. Nikasema ni maumivu. Mchana akaanza kuongea Kingoni na watu ambao hawakuwepo, akinitazama mimi kana kwamba ni mmoja wao.

Nikamtoa damu, nikaiweka chini ya darubini. Nikamwona mdudu wa malaria, mmoja pembeni, mwingine mbali kidogo. Nawaambieni ukweli, nilifurahi. Hakuna mtu anayefurahi kama dresa mchanga aliyepata jibu. Nikaandika kwa herufi zangu nzuri: malaria ya kichwa. Nikamdunga kwinini. Na kwa kuwa alikuwa anavutana na kamba za banzi, nikadhani ndizo zinazomtesa, nikazifungua ili apumzike. Jioni nzima alitupatupa ule mguu mbele yangu, mfupa ukisagana ndani, na mimi nikimpangusa jasho na kumwambia kwinini itafanya kazi sasa hivi. Kesho yake asubuhi, wakati wa uji, Lukas alikufa.

Nilihuzunika, lakini moyo wangu ulikuwa mweupe. Nilijua nimefanya kila kitu kama kilivyoandikwa. Mpaka leo kinachoniuma zaidi si kukosea, ni ule moyo mweupe niliokuwa nao.

Bwana Mihambo aliporudi alisoma faili akiwa amesimama. Akaniuliza kama nilitazama kope. Nikajibu kwamba ndiyo, mgonjwa hakuwa na upungufu wa damu. Akasema hakuuliza habari ya upungufu wa damu. Kisha akachukua sindano na vioo vitatu vya darubini, akanipeleka jikoni.

Mpishi wetu alikuwa mtu wa miraba minne aliyekoroga uji huku akiimba. Bwana Mihambo akamtoboa kidole, akamtoboa na mtunza bustani, akanitoboa na mimi. Akaniamuru nipake rangi na kutazama. Mtunza bustani alikuwa na mdudu. Mimi nilikuwa na mdudu. Mpishi alikuwa nao wengi kuliko Lukas. Nikamweleza nilichokiona.

"Basi mlaze mpishi," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Mdunge kwinini. Ana malaria ya kichwa."

Mpishi alikuwa mlangoni akisikiliza. Aliacha mwiko ndani ya sufuria akatoka mbio, na siku ile uji uliungua. Wodi nzima iliulalamikia, lakini mimi sikucheka. Nilikuwa nimeelewa. Katika bonde lile karibu kila mtu alitembea na mdudu damuni akiwa mzima kabisa. Nilimtafuta nikampata, kisha nikaacha kutafuta. Ninyi wapimaji, lishikeni hilo: kilichoonekana kwenye kioo kinaweza kuwa kweli na bado kisiwe ndicho kinachomuua mtu.

Ndipo aliponikalisha kwenye benchi la chumba cha dawa akanifundisha. Kila aliyekula supu ya kongoro anajua kuwa ndani ya mfupa mrefu mna mafuta. Mfupa huo ukivunjika, mafuta yanaweza kuingia katika damu kwa matone madogo madogo. Yanaanzia mapafuni, ndiyo maana mtu anahema. Yanayopenya yanafika kichwani, ndiyo maana anachanganyikiwa, au anasinzia asiamke. Mengine yanafika kwenye vimishipa vya ngozi, damu inavuja kwa nukta nyekundu kama za ncha ya sindano. Hayo hayaji saa ile ile. Yanakuja baada ya siku moja, mbili au tatu, wakati wewe umeshamsahau mgonjwa na unashughulika na mwingine.

Vitabu vilisema nukta hizo zitafutwe kifuani, shingoni na kwapani. Vilikuwa vimeandikwa na watu weupe waliotazama watu weupe. Kule Burma, alisema, askari wetu walivunjika mapaja, wakachanganyikiwa, madaktari wakafungua vifua vyeusi, wasione kitu, wakaandika kitu kingine. Yeye ndiye aliyewaogesha askari wale kila siku, uso kwa uso, na akajifunza kutazama mahali ambapo sisi binadamu wote tuna rangi moja: ndani ya kope la chini, na juu mdomoni, kwenye kaakaa.

Nikamuuliza kama basi Lukas alikufa kwa mafuta. Akasema hatukumpasua, kwa hiyo hatujui, na kwa kuwa hatukuzitafuta nukta, hatutajua kamwe. Akaongeza kwamba banzi halifunguliwi kwa sababu mgonjwa anahangaika. Kila mfupa unapocheza, unaweza kusukuma mafuta mengine. Mtu anashikwa, mguu unabaki umefungwa. Alisema hivyo bila ukali, na ningependa kama angenifokea.

Tangu siku ile nilianza kazi upya. Jambo la kwanza, nilikwenda mashambani kwa wanyapara. Mnaujua ule mti mrefu unaochipuka katikati ya mkonge mmea ukizeeka, wenye maua juu. Ukikauka ni mwepesi, umenyooka, na mkonge haukosi shambani. Nikawafundisha wanyapara kuchukua miti miwili, mmoja ndani ya mguu na mmoja nje, wa nje ufike kwapani, katikati kuwekwe nyuzi za katani kama godoro, kisha kufungwa kwa kamba ya katani mahali patano kabla mtu hajainuliwa kutoka chini. Walinicheka. Mmoja akaniuliza kama nimekuja kutibu watu au kujenga banda la mbuzi. Nikawaambia kuwa atakayeniletea mguu unaoning'inia nitamlaza kitanda cha jirani na kumfunga na yeye. Wakaniona mtoto mkali, lakini wakafunga.

Mvua za masika zilizofuata akaletwa Shabani. Huyu alikuwa wa kwetu Kang'ata. Mama yake na mama yangu waliteka maji kisima kimoja. Trole lilimpindukia Jumanne, akaletwa amefungwa miti ya mkonge vizuri, nyapara akitembea pembeni kwa maringo. Jumatano alikuwa mzima, akiulizia habari za nyumbani. Alhamisi jioni nilihesabu pumzi zake kwa saa ya Bwana Mihambo, nikahesabu tena, zilikuwa zinakimbia. Ijumaa asubuhi aliniita kwa jina la mbuzi wa mjomba wake, akaniamuru nirudi zizini.

Sikufurahi safari hii, ila mikono yangu ilitulia. Nikamsogeza dirishani na kitanda chake, nikavuta kope la chini. Zilikuwepo. Tatu jicho la kulia, za kushoto nyingi zaidi, nyekundu, ndogo, safi. Nikamwita Bwana Mihambo naye akatazama, akaniambia niwaite wahudumu wote wa wodi wazione ili nao wajue.

Tukapanga kazi. Kichwa cha kitanda kikainuliwa kwa matofali. Mguu ukabaki kwenye banzi, na mtu akawekwa kuushika muda wote. Maji kwa kijiko. Hewa ya oksijeni hospitali haikuwa nayo, lakini karakana ya shamba ilikuwa na mtungi wake wa kuchomelea chuma. Fundi mkuu alibishana nasi, kisha akauleta mwenyewe kwa toroli, na tukaipitisha hewa kwenye chupa ya maji na mpira mwembamba hadi puani. Msiige hilo. Tulifanya kwa sababu hatukuwa na kingine.

Baada ya sala ya Ijumaa likaingia lori lililokuwa limeshusha mahindi Magoma na linarudi Handeni. Akashuka Mzee Sempombe, mjomba wa Shabani, kaka wa mama yake, na vijana wawili wa ukoo; habari ya trole ilikuwa imewafikia. Lazima mwelewe: kwetu Wazigua neno la mjomba juu ya mtoto wa dada yake ni zito. Hata kama baba yupo, mjomba akisema mtoto anahama, anahama. Na babake Shabani alishafariki.

Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, na alipojua akalainika kidogo. Kisha akasimama kitandani. Shabani akamtazama mjomba wake, akamtukana. Lilikuwa tusi la wazi, mbele ya wodi nzima na vijana wa ukoo. Mzee hakukasirika. Uso wake ulinyauka tu, nami nikaona aibu kwa niaba yake.

"Huyu si Shabani," akasema. "Shabani hajawahi kuninyanyulia sauti. Mtoto amepandwa. Namchukua nyumbani akapungwe, na mguu tutaunga huko huko."

"Hicho chuma chenu nitawaachia," akaongeza, akionyesha banzi. Mimi nikaiona ile barabara yote kichwani: matope hadi Korogwe, mashimo hadi Handeni, halafu njia ya kwenda Kang'ata ambayo wakati wa masika hata ng'ombe waliilalamikia. Mguu uliofunguliwa, juu ya mbao za lori. Nilijua kwa uhakika kabisa kwamba Shabani asingefika. Na badala ya kusema hivyo kwa adabu, koti jeupe likanipanda kichwani, nikamwambia kuwa hospitali haitoi ruhusa.

"Ruhusa ya mtoto wa dada yangu naombwa mimi," akasema taratibu. "Mimi siombi."

Akawapa ishara vijana. Wakaanza kufungua kamba ya kwanza. Nilimwona Lukas pale kitandani.

Ndipo tukasikia machela ikiburutwa sakafuni. Bwana Mihambo aliiweka katikati ya mlango wa wodi, akajilaza juu yake chali, akakunja mikono kifuani, akafumba macho. Koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote.

"Mzigua," akasema akiwa amefumba macho, "umekuja na sanda ngapi?"

Mzee Sempombe akauliza huyu ni nani. "Mnyamwezi," akajibu Bwana Mihambo. "Mtani wako. Huyo mtoto akifa njiani, nani ataitwa kumwosha na kuchimba kaburi? Ninyi mtakuwa mnalia. Nitaitwa mimi. Na wiki hii mgongo unaniuma, sitaki kazi. Kama unamtoa, pita juu yangu. Nikanyage tumboni, mtani."

Vijana wa siku hizi utani mnaujua kama maneno ya kuchekesha tu. Kwetu utani ulikuwa kazi. Mnyamwezi na Mzigua walitukanana kwa haki, walinyang'anyana kofia, lakini msiba ukitokea mtani ndiye anayeshika jembe. Huwezi kumkanyaga mtani wako aliyelala mlangoni, na huwezi kumkasirikia. Mzee Sempombe alijaribu kukaza uso. Masharubu yakaanza kumcheza, na yule mgonjwa wa kitanda cha mwisho, mwenye mkono mmoja, akaangua kicheko, wodi ikamfuata.

"Unataka nini, wewe mla panya wa Tabora?" akauliza mzee.

"Siku tatu. Na macho yako mawili, uje uone mwenyewe."

Akainuka, akajipangusa vumbi, akampeleka mzee dirishani. Akavuta kope la Shabani. Mzee Sempombe alikuwa mchinjaji wa sherehe zote za Kang'ata. Mafuta ya mfupa alikuwa ameyaona yakiganda kwenye vidole vyake maisha yake yote. Alisikiliza bila kukatiza. Kisha akafanya jambo ambalo nililipenda sana. Akawaita wale vijana wake wawili, akavuta makope yao. Akavuta langu. Akavuta la Bwana Mihambo, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Yote yalikuwa safi. Akarudi kwa Shabani akatazama tena, muda mrefu.

Akaliruhusu lori liende bila yeye. Akaketi chini kando ya kitanda, akaushika ule mguu kwa mikono miwili kama alivyoelekezwa, na zamu ya kuushika haikumtoka tena isipokuwa wakati wa sala.

Jumamosi akaja Daktari. Alifungua kifua cha Shabani, akakitazama, hakuona kitu. Akasema anahofia damu imevuja ndani ya kichwa, na kwamba atampeleka kwa gari lake Tanga akatobolewe fuvu. Bwana Mihambo angeweza kujibu. Badala yake alinitazama mimi. Nikasema, kwa heshima zote, kwamba mgonjwa hakugonga kichwa, wanyapara wamehojiwa. Kwamba alikuwa na akili zake kwa siku mbili, na kilichoharibika kwanza ni pumzi, akili ikafuata. Kwamba mboni zote mbili zinalingana, na moyo unakimbia, haupungui mwendo. Kwamba malaria ipo kwenye kioo, lakini haizidi ya mpishi. Kisha nikavuta kope.

Daktari alivua miwani akainama hadi pua yake ikakaribia kugusa shavu la Shabani. Akauliza nimejifunza wapi. Nikamwonyesha Bwana Mihambo kwa kidevu. Akauliza, si mimi tena bali yeye, kama mgonjwa asafiri. Bwana Mihambo akasema asisafiri. Siku ile Daktari alikaa hadi saa kumi, na ukubwa haukuhama.

Sitawadanganya kwamba baada ya hapo yalikuwa mteremko. Jumapili Shabani aliacha kutukana, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alilala, ukimfinya anakunja uso tu. Mzee Sempombe aliniangalia, na macho yake yaliuliza kile ambacho hakukisema. Ile ilikuwa siku ya pili kati ya zile tatu. Nilikuwa na uhakika juu ya ugonjwa. Juu ya mwisho wake sikuwa na uhakika wowote, na dawa ya kuyayeyusha yale mafuta sikuwa nayo. Hakuna aliyekuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni banzi, hewa ya karakana, kijiko cha maji na mzee wa miaka mingi anayeshika mguu. Nikamwambia bado siku moja, mjomba. Akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu asubuhi nilikuwa napima dawa ya kikohozi cha mtu mwingine nilipoisikia sauti nyembamba, yenye kukwaruza. Nikageuka. Shabani alikuwa amefumbua macho, anamtazama mzee aliyeinama miguuni pake.

"Shikamoo, mjomba," akasema. "Mbona umeshika mguu wangu?"

Mzee Sempombe aliuweka mguu chini polepole, akaniachia mimi, akatoka nje kwenye majani yenye umande, na alipokaa huko hatukumfuata. Mimi nililia pale pale, na chupa ya dawa ya kikohozi mkononi.

Shabani alipona. Kwa wiki kadhaa alisahau jina la mkewe, na kwa namna alivyolikumbuka ghafla siku mkewe alipokuja na chakula, tulidhani alikuwa anatania tu. Matusi yake hakuyakumbuka hata moja. Wagonjwa wenzake walimkumbusha kila siku. Mjomba alipoondoka alichukua shambani miti miwili ya mkonge iliyokauka, akaibeba begani hadi kwenye lori. Nilidhani anakwenda kujengea.

Siku hiyo hiyo nilitoa faili la Lukas kabatini. Sikufuta nilichoandika, kwa sababu ndicho nilichokifanya. Chini yake niliongeza: Huenda ilikuwa mafuta ya mfupa. Nukta hazikutafutwa kwenye kope. Nikaweka jina langu kamili.

Sasa msije mkasema mzee ametufundisha kuwa kope ndilo kila kitu. Kope safi si ruhusa ya kumsahau mgonjwa. Wengine hawatoi nukta hata moja na bado mafuta yamepanda. Hesabu pumzi. Uliza alivunjika lini na alianza kuchanganyikiwa lini. Ongea naye kila siku, upate kujua akili yake ilivyokuwa kabla haijaondoka. Na kabla hujaanza kumtibu, funga mfupa.

Miaka ilipita. Nilishakuwa mkubwa wa wodi, Bwana Mihambo amestaafu, nilipoona lori limesimama mbele ya hospitali na watu wanne wanashusha mtu taratibu sana, kana kwamba wanashusha mtungi uliojaa. Alikuwa jirani wa Kang'ata aliyeanguka kutoka juu ya mti akirina asali. Paja lake lilikuwa limefungwa kati ya miti miwili ya mkonge, wa nje umefika kwapani, nyuzi za katani katikati, kamba mahali patano. Nyuma yao, kwa fimbo, akashuka Mzee Sempombe, amekonda, ndevu nyeupe zote.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

Aliinua mkono nisubiri. Salamu ilikuwa ya baadaye.

"Kavunjika jana asubuhi," akasema. "Kope nimelivuta jana jioni, nimelivuta na leo alfajiri. Halina kitu. Sasa vuta wewe."

Nikavuta.